Saa Kumi ya Mwanaidi

Siku yangu ya kwanza kazini, Nizwa, Omani, amini wa siri alinitazama kuanzia kofia mpaka makubadhi, akaniuliza kama nimekuja kutafuta jamaa yangu aliyefungwa. Amini wa siri ni karani mkuu wa jaji, anayeshika mafaili na kuandika kila linalosemwa barazani, na zama zile alikuwa na nguvu kuliko mawakili wote. Nikamwambia mimi ndiye mtarjumani mpya wa Kiswahili. Akanionyesha kiti kisicho na mgongo, kando ya kizimba.

"Isma', yaa Zinjibari," akasema, yaani sikiliza, ewe Mzanzibari. "Wewe hapa ni bomba tu. Maji yanaingia huku, yanatoka kule. Bomba halina rai. Umefahamu?"

"Nimefahamu," nikajibu.

Nilifahamu, na nikajivunia, na hilo ndilo linalonitia hasira hata leo. Kwa miaka thelathini na nne nilikuwa bomba zuri kuliko mabomba yote ya mikoa ya Dakhiliyah na Sharqiyah. Nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia katika kazi ya tarjuma, mnaosema "kitu yangu" na "watu hii", na bibi zenu wakisikia hushika vichwa. Lakini sikukaa kuwacheka. Kiswahili changu kilikuwa safi hakina doa, na kwa usafi huohuo nilimfunga mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wateja wetu wa mwanzo walikuwa wazee waliorudi kutoka Unguja na Pemba, Waarabu kwa nasaba, vyeti vyao vinasema asili ni Fanja au Samad Ash Shan, lakini Kiarabu chao kilikuwa cha sala tu. Alikuja bibi wa miaka themanini kudai fungu lake la mitende ya marehemu baba yake, na neno la mtende kwa Kiarabu halijui. Mimi nilimsikiliza mpaka amalize, nikayashika maneno kichwani, kisha nikayatoa kwa Kiarabu. Hiyo ndiyo tarjuma ya kufuatana. Jaji akisoma hukumu ndefu, nilimwinamia bibi nikamnong'oneza huku jaji anaendelea, na hiyo tuliita tarjuma ya sikio. Kabla ya yote niliapishwa yamini kwamba nitatarjumu kwa amana, bila ya kuongeza wala kupunguza. Na yote yaliyosemwa yaliingia katika mahdhar, yaani karatasi rasmi ya maelezo, ambayo msemaji huitia saini au dole gumba. Ikishatiwa dole haifunguliwi kirahisi.

Jaji wangu wa kwanza alikuwa mtu mpole, wale mabibi wote aliwaita "ummi", mama yangu, na walipotoka wakimwombea dua alisimama. Baada ya miaka sita nikahamishiwa Sur, kwa mkuu wa kitengo aliyevaa miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kututisha. Yeye ndiye aliyenifunza kutosema "anasema kwamba".

"Sema mimi," alituambia. "Mshtakiwa akisema niliiba, wewe sema niliiba. Usijitenge naye."

Basi pale Sur niliiba, nikapiga watu, nikatelekeza wake, yote kwa mdomo wangu, miaka minane. Nikirudi nyumbani mke wangu alikuwa akiniuliza, "Leo umefanya nini tena?"

Baadaye wale wazee wakaisha, Mungu awarehemu, na wateja wakabadilika. Wakaanza kuja wanawake kutoka Tanzania na Kenya, wafanyakazi wa majumbani. Nikahamishiwa mji mmoja wa Sharqiyah ambao sitautaja, kwa sababu waliohusika wana watoto na wajukuu, na wajukuu hawana kosa. Kwenye karatasi wanawake hawa waliandikwa wafanyakazi wa nyumbani. Mdomoni waliitwa khadima. Nyinyi mliozaliwa huku mnalisikia neno hilo mkadhani ni neno la kawaida. Waulizeni bibi zenu khadima alikuwa nani katika nyumba za zamani. Alikuwa mtumwa. Bibi yangu mzaa mama aliitwa hivyo mpaka alipomzalia bwana wake, na mimi niliyanyonya maziwa ya binti yake, nikakaa katika kile kiti nikasikia neno lile kila wiki, nikanyamaza. Bomba halina rai.

Na tena nililainisha. Tajiri akimwita mfanyakazi wake mbwa, mimi kwa Kiswahili nilimwambia mwanamke, "Sikupendezwa nawe." Nilidhani ni adabu. Yamini inasema bila ya kupunguza, na mimi nilikuwa nikipunguza kila siku matusi ya wenye nguvu, ili nisije mimi kuonekana natukana.

Sasa nifike kwa Mwanaidi.

Mwanaidi binti Mhina alitoka Handeni, akiwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa akimhudumia bibi mkongwe katika nyumba ya mtoto wa huyo bibi. Siku moja bibi akaanguka kwenye ngazi za uani, nyonga ikavunjika. Mke wa mtoto, ambaye Mwanaidi alimwita madam, alisema mfanyakazi alikuwa chumbani kwake amelala na ndiyo maana bibi akatoka peke yake. Mwanaidi akakamatwa kwa uzembe uliosababisha madhara. Nikaitwa ofisi ya mwendesha mashtaka, ambako maelezo ya mwanzo huandikwa kabla ya kesi kufika kwa jaji.

"Shikamoo, mzee," akaniambia nilipokaa.

"Marahaba, mwanangu."

Alifurahi kusikia Kiswahili. Nilimwona mabega yakishuka, akadhani amepata mtu wake. Mwendesha mashtaka, kijana nadhifu mwenye haraka, akauliza alikuwa wapi bibi alipoanguka.

"Madam alinituma dukani," akasema Mwanaidi. "Saa kumi nilikuwa dukani nanunua maziwa ya unga na sabuni. Niliporudi ndiyo nikamkuta bibi yuko chini."

Sasa sikilizeni. Kiswahili kinahesabu saa tangu jua kuchomoza. Saba ya asubuhi ya simu zenu, kwetu ni saa moja. Saa kumi ya mchana ni saa nne ya Kiarabu, wakati wa Alasiri. Mtoto wa miaka mitano wa Unguja anajua. Basi nikatarjumu bila ya kufikiri: saa nne, Alasiri.

Mwendesha mashtaka akainua kalamu. Bibi alifikishwa hospitali kabla ya Adhuhuri. "Mwulize tena."

Nikamwuliza tena. "Saa kumi," akasema. Nikatoa tena: saa nne, Alasiri. Yule kijana akaandika kwamba mshtakiwa anajipinga mwenyewe. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisema moyoni: huyu muongo, na hata uongo hajui kuupanga.

Mwanaidi alikuwa anatazama nyuso zetu. "Mzee, umemwambia vizuri?"

"Nimemwambia kama ulivyosema."

Akatia dole. Wakampeleka mahabusi.

Miezi ikapita. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mara faili halikufika, mara tajiri amesafiri. Katika miezi hiyohiyo nikapewa kazi ya fahari. Chuo kimoja Nizwa kilialika jaji mstaafu kutoka Amerika, mwanamke mweusi, aje kuzungumza juu ya mawakili weusi wa mwanzo wa nchi yake. Walitaka mtu wa kutoa Kiingereza kwa Kiarabu, na Kiingereza nilikuwa nacho tangu skuli Unguja. Mkuu wa idara yetu ya tarjuma akaniteua mwenyewe, akaja na kukaa safu ya mbele, bisht yake, joho jeusi, imetariziwa dhahabu.

Yule mama alizungumza baada ya Alasiri, amesimama, bila ya karatasi. Alitueleza juu ya watu waliosimama mahakamani kama mawakili wakati ndugu zao wa damu bado wanauzwa mnadani. Wakili alikuwa anatetea mkataba wa ng'ombe asubuhi, na jioni anasoma habari za soko la kusini ambapo mtu wa rangi yake anafunguliwa mdomo atazamwe meno. Alitueleza juu ya mwanamke aliyeipata shahada ya sheria katika zama ambazo hata wanaume weusi waliipata kwa tabu, akafungua ofisi yake, akakaa akisubiri wateja, hawakuja wa kutosha, akaifunga. Akaeleza juu ya wale wa baadaye walioendesha magari kwenda kutetea watu katika miji ya kusini, wakilala majumbani mwa wenyeji, kwa sababu hoteli ziliwakataa na barabarani walikuwa wakiviziwa. Waliingia mahakamani wakakuta hata Biblia ya kuapia ya weusi ni mbali, na ya weupe mbali.

Kisha akafika kwenye lile nililokuja kulikumbuka sana. Alisema mahakama zile shahidi mweupe aliitwa Bwana fulani, Bibi fulani. Mweusi aliitwa jina lake la kwanza tu, awe mwalimu, awe mchungaji wa kanisa lake. Mwanamke mmoja mweusi aliyekamatwa katika kupigania haki akapandishwa kizimbani, akaitwa hivyo, akakataa kujibu. Akasema hatajibu mpaka aitwe kama wanavyoitwa wenzake. Jaji akamfunga kwa kudharau mahakama. Mawakili wake wakalipeleka neno lile moja, Bibi, mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi, wakashinda.

Nilipomaliza kuitoa habari hiyo kwa Kiarabu ukumbi mzima ulisimama. Walipiga makofi mpaka mgeni akaweka mkono kifuani. Mkuu wa idara alikuwa na machozi, Wallahi niliyaona. Akanishika mkono, "Hawa ndio watu, yaa Nasor. Hawa ndio rijali. Umeitia idara heshima."

Nami nilijiona mkubwa. Nilikuwa nakunja karatasi zangu alipokuja binti mmoja mrefu, mweusi kama mimi, na abaya ya kazini. Alikuwa Raya, wakili, mwanamke wa kwanza wa familia za Pemba kufungua ofisi ya sheria Ibra. Nilimjua bibi yake. Katika ofisi yake picha za mawakili wale wa Kiamerika zimepangwa ukutani, na wateja wengine humwuliza kama hao ni ami zake.

"Ami Nasor, umepunguza," akaniambia.

"Nimepunguza nini, binti?"

"Yule mama kasema wakili wa miaka hamsini jaji alimwita 'wewe mtoto'. Wewe umesema 'alidharauliwa'. Watu wamesikia alidharauliwa tu. Hii maneno si sawasawa."

Nikacheka, nikamwambia ajifunze ngeli kwanza. Hakucheka. Akasema, "Nimechukua kesi ya binti mmoja wa Handeni. Mahdhar yake wewe umetarjumu. Nitakuja kwako."

Alikuja Ijumaa, baada ya chakula, na faili. Mke wangu akaleta kahawa na halwa, Raya hakugusa. Akanisomea mahdhar kwa Kiarabu, neno kwa neno, kisha akaniuliza.

"Hii saa nne Alasiri, yeye mwenyewe kasema vipi?"

"Kasema saa kumi."

"Basi kwa nini duka ilikuwa imefungwa? Maduka yote ya mtaa ule yanafunga moja mpaka nne na nusu, watu wanalala. Mwendesha mashtaka amesema hii ndiyo uongo wake mkubwa. Lakini mimi nimekwenda dukani. Muuza duka, Mhindi wa Kerala, anamkumbuka. Kasema alikuja asubuhi, baada ya gari ya mikate, saa kumi. Kumi ya simu."

"Mswahili hasemi hivyo," nikamjibu. "Hiyo ingekuwa saa nne ya asubuhi."

"Nimemwuliza mwenyewe, ami. Nimekwenda mahabusi nimemwuliza."

Akanieleza. Wiki ya kwanza katika nyumba ile Mwanaidi aliambiwa kwa Kiarabu cha jikoni kwamba dawa ya bibi ni saa mbili. Akahesabu kama alivyolelewa, akampa dawa mapema asubuhi, saa mbili yetu, badala ya saa mbili yao ya mchana. Madam alimpiga kofi. Akamwambia kuanzia leo katika nyumba hii hakuna saa za porini, hesabu kama watu. Akamkalisha mbele ya saa ya ukutani akamtajisha namba mpaka akashika. Kwa miaka miwili yule binti alihesabu kama watu. Kumi ikawa kumi ya ukutani, hata akisema Kiswahili, hata akiota. Kisha nikaja mimi na Kiswahili changu cha Mji Mkongwe nikamrudishia saa alizokwisha pigwa aziache.

Kilichoniunguza si kwamba sikujua. Nizwa nilikaa miaka sita nikisikiliza wazee wakigombania zamu za maji ya falaj, mfereji wa mashamba, huyu anahesabu saa kwa kivuli cha jua, yule kwa nyota, mwingine kwa saa za kuanzia Magharibi, na kila mara yule jaji mpole aliuliza, saa gani, kwa hesabu ya nani? Alimwuliza mwenye mitende. Mimi mwenzangu, msichana aliyeniamkia shikamoo, sikumwuliza.

Jumapili asubuhi nikaenda kwa mkuu wa idara. Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku anapanga kalamu zake.

"Saa kumi kwa Kiswahili ni saa nne, sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi hukukosea. Mahdhar ina dole lake. Khalas."

"Bwana mkuu, mtu yuko ndani kwa neno langu."

"Umebakisha miezi mitatu kustaafu. Ukisimama ukasema tarjuma yako ina kasoro, mawakili wote watafungua mafaili ya miaka thelathini. Unataka kutuvunjia idara kwa ajili ya khadima?"

"Juzi ulisimama ukapiga makofi kwa mwanamke aliyefungwa kwa sababu ya neno moja."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, hakuwa anafanya mzaha. "Ile ni Amerika, yaa Nasor."

Nimewahi kutukanwa katika maisha yangu, nimeitwa mengi, lakini hakuna neno lililonitia moto kama hilo. Angekuwa mtu mbaya ningemsamehe. Alikuwa mtu mzuri, anafunga Jumatatu na Alhamisi, na machozi yake ukumbini yalikuwa ya kweli. Aliwalilia watu weusi walio mbali, waliokwisha kufa na kushinda. Aliye hai, mlango wa pili, hakumwona. Nikatoka bila ya kuaga, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mkuu yeyote.

Siku ya kesi nilivaa kanzu nyeupe na kilemba, nikakaa viti vya watu badala ya kiti changu. Mtarjumani mwengine aliletwa. Karani akaita kesi, akasema mshtakiwa, khadima wa nyumba ya fulani, asimame. Mwanaidi akasimama. Alikuwa amekonda, ushungi umemzidi.

Raya naye akasimama. "Fadhilat al-qadhi, mheshimiwa jaji," akasema kwa Kiarabu chake kizuri, "mteja wangu ana jina katika faili lililo mbele yako. Naomba aitwe kwa jina lake na la baba yake, kama alivyoitwa sasa hivi mlalamikaji."

Kukawa na minong'ono. Mtu nyuma yangu akasema, "Hii nayo kesi?" Jaji alikuwa mgeni katika mji, mtu wa makamo. Akafungua faili, akatafuta, akasoma taratibu kwa sababu jina lilimpiga chenga, "Mwanaidi bint Mhina." Yule binti akaitika, "Naam," na sauti ikatoka nzima. Sikuwahi kumsikia mfanyakazi akiitika hivyo katika baraza ile miaka yote.

Raya akaomba mimi nisikilizwe kama shahidi. Mwendesha mashtaka akapinga, akasema mtarjumani hatoi ushahidi juu ya kazi yake mwenyewe. Jaji akasema kama mtarjumani amekuja mwenyewe anataka kumsikia. Nikala yamini, safari hii kwa ajili ya maneno yangu. Nikaeleza hesabu ya saa ya Waswahili, na hesabu ya saa aliyofundishwa mshtakiwa kwa kofi, na kwamba alisema kumi nikaandikisha nne.

"Miaka mingapi umefanya kazi hii?" jaji akauliza.

"Thelathini na nne."

"Aliposema mara ya pili, na ukaona hesabu haiingii akilini, hukumwuliza anakusudia kumi gani?"

"Sikumwuliza."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Kanuni, haraka, bomba. Nikasema, "Kwa sababu nilidhani ni muongo."

Akaandika kwa mkono wake. Kikao kilichofuata muuza duka aliletwa, akaeleza asubuhi ile, maziwa ya unga, sabuni, gari ya mikate. Madam alipoulizwa tena alikumbuka kwamba huenda alimtuma. Huenda. Kwa neno hilo moja laini, na hakuna mtarjumani aliyemlainishia, alikwenda zake nyumbani, na Mwanaidi binti Mhina akaachiwa huru baada ya miezi minane.

Nilimngoja katika ushoroba. Raya alikuwa kando anazungumza na askari juu ya pasipoti. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, nimeyapanga vizuri, lakini nilipomwona nikasema ovyo, kama mtu aliyekutana na harusi, "Mabruk, mwanangu."

"Shikamoo, mzee," akasema. Heshima hakuiacha.

"Marahaba. Nisamehe."

Akafikiri. Hakuwa na haraka. "Mama yangu alifariki mwezi wa sita," akasema. "Alikuwa anaumwa, nilishaomba ruhusa ya kwenda. Ungeniuliza siku ile swali moja tu, mzee, ningemkuta."

Kisha askari akamwita, kwa jina lake, na akaenda. Wiki hiyo akapanda ndege. Raya ndiye aliyempeleka uwanjani.

Nilistaafu miezi miwili baadaye. Mafaili hayakufunguliwa, idara haikuvunjika, na mkuu wa idara hakuninunia, maana watu wazuri hawanuni. Akanifanyia sherehe asubuhi ukumbini. Akasoma cheti. Kilisema kwamba katika utumishi wangu wote nilitarjumu kwa uaminifu na usahihi. Nilimtazama anaposoma neno usahihi, nikaona hata kope haikutikisika.

Wenzangu wa barazani Ibra, ninakokaa sasa, huniambia hasira haifai mtu wa umri wangu, inapandisha presha. Huenda. Lakini nimekuwa mpole miaka thelathini na nne na upole wangu nimeuona ulikofikia. Watu wale aliotusimulia mgeni wa Kiamerika hawakuwa wapole. Waliingia katika vyumba visivyowataka wakadai Bibi, wakadai Bwana, wakadai mtu aulizwe kabla ya kuandikwa, na waliowazunguka wakawaona wakorofi. Makofi yamekuja baada yao. Mkitaka kazi hii, vijana, muwe wakorofi. Mwulizeni msemaji anakusudia nini, hata mwendesha mashtaka akitazama saa, hata mkuu akiwatazama nyinyi. Na Kiswahili chenu kibovu kitawasaidia, kwa sababu asiyejiamini huuliza.

Siku ile ya sherehe, cheti kilipokwisha kusomwa, wakanitaka nami niseme machache. Kawaida mstaafu hushukuru wakuu zake mmoja mmoja kwa cheo. Nilisimama nikasema kwa Kiarabu, polepole, ili karani aweze kuandika: "Katika mji huu nilitarjumu vibaya maelezo ya mwanamke mmoja, akakaa ndani miezi minane, mama yake akafa hayupo. Anaitwa Mwanaidi binti Mhina." Nikakaa. Wakapiga makofi, halwa ikapitishwa, na mpaka leo hakuna aliyeniuliza Mwanaidi binti Mhina ni nani.